Juniperi kwenye kompaundi hapa Uganda: mwongozo kamili kuanzia kununua mche mpaka kukata matawi

Nianze na jambo ambalo laiti mtu angeniambia mapema ningeokoa miche yangu: juniperi hapa kwetu haifi kwa kiu, inakufa kwa maji. Ni mmea wa milimani na kwenye mawe, vijani vyake vimepakwa nta ili visipoteze maji na mizizi yake inataka hewa, sasa wewe unaumwagilia kila jioni kama sukuma wiki halafu unashangaa mbona unakauka. Miche yangu mitatu ya kwanza niliipanda hapa Wakiso chini ya gata, pale pale maji ya paa yanapodondokea, udongo wa mfinyanzi, na kila jioni nikaenda na jagi. Mwezi wa pili kijani kikaanza kufifia kama kimepakwa vumbi, nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Nilipong'oa wa kwanza mizizi ilikuwa myeusi, ukishika mzizi mmoja kwa vidole viwili ukivuta taratibu ganda lote linateleza linatoka kama soksi iliyolowa, kinabaki kiuzi cheupe katikati. Hiyo ndio mizizi iliyooza, na ikishafika hapo hakuna dawa ya kuirudisha. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa chini kinazunguka jambo hilo moja, jinsi ya kuweka mizizi mahali pakavu penye hewa.

Kwanza ujue unanunua nini

Kwenye vitalu vingi vya kando ya barabara kila kitu chenye majani kama sindano kinaitwa mti wa Krismasi, basi. Utauziwa saipresi ukidhani ni juniperi, na saipresi ukiiacha miaka michache inakuwa mti mrefu kushinda nyumba, sio kichaka tena. Kwa hiyo usiharakishe, inama uangalie. Thuya, mti mwingine unaofanana nazo, ina matawi bapa kama yamepigwa pasi. Saipresi ile ya mashuleni na makanisani ikizaa inatoa vifundo vikavu vya mbao ambavyo vinapasuka. Juniperi tunda lake ni la nyama, duara, dogo kama njegere, la bluu inayoelekea nyeusi na lina unga mweupe juu, ukilifuta na kidole unatoka. Kama mche bado haujazaa angalia majani: juniperi changa ina visindano vinavyochoma, na nyingi zikikomaa zinaleta magamba madogo yaliyolala kwenye kitawi, ingawa nyingine zinabaki na visindano tu, na kwenye zile za magamba mara nyingi unakuta aina zote mbili kwenye mmea mmoja. Ukiona hivyo una uhakika zaidi.

Ukishaujua, mwombe mwenye kitalu akuonyeshe chini ya kaveera, yaani ule mfuko wa plastiki wa mche. Mizizi ikiwa imezunguka imejifunga kama kamba ya katani, huo umekaa sana kwenye kaveera, achana nao, au ukiupenda sana ujue una kazi ya kuifungua wakati wa kupanda. Harufu nayo inaongea: nusa udongo wa chini, ukinuka kama maji ya mtaro, mche huo tayari unaumwa hata kama juu uko kijani.

Aina gani, na unakaa wapi

Kampala na Wakiso tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, joto mwaka mzima na hewa ina unyevu. Kabale kuko karibu mita 2,000, usiku kuna baridi ya kweli, na Kapchorwa nako ni hivyo hivyo. Hii tofauti ni kubwa kwa juniperi. Juniperus communis, ile ambayo matunda yake ndio yanaipa harufu pombe ya jini (gin), imezoea nchi za baridi kali, huku bondeni kwetu inasononeka tu. Juniperus squamata ya bluu, ile ndogo nzuri kama mto wa kukalia, nayo ningemshauri mtu wa Kabale lakini sio mtu wa Kampala.

Kwa huku chini mimi naona zinazovumilia ni za jamii ya Juniperus chinensis, hasa ile ya kusimama inayojipinda kama moto unaopeperushwa na upepo, inaitwa Kaizuka, na zile za kutanuka za Pfitzer ambazo zinaweza kufika mita mbili kwenda juu na tatu kwenda pembeni kwa hiyo uzipe nafasi. Ukitaka ya kutambaa chini kwenye mteremko, ya kushika udongo usichukuliwe na mvua, tafuta Juniperus conferta, asili yake ni fukwe za Japani, imezoea mchanga na jua. Juniperus horizontalis nayo inatambaa vizuri sana, inakaa chini kabisa sentimita 15 hivi, lakini kwenye unyevu wetu inahitaji uangalifu zaidi.

Halafu kuna ya kwetu wenyewe, na hii inaniuma kwamba watu wengi hawaijui: mtarakwa, Juniperus procera. Huo ni juniperi wa Afrika, uko Mlima Elgon, uko kwenye milima ya Karamoja kama Moroto na Kadam, na makao yake yanaanzia Bara Arabu yanashuka mpaka Zimbabwe, yaani ndio juniperi inayovuka ikweta ikaota yenyewe upande wa kusini. Mbao yake ya ndani mchwa hawaiwezi, ndio maana wazee wa milimani waliitumia kwa nguzo za ua, na zamani ilichongwa sana penseli. Ila nisikudanganye, mtarakwa ni mti, ukiachwa unapita mita 30. Kama una kompaundi ndogo unaweza kuufanya ua wa kukata, yaani uzio wa miti, ukianza nao ungali mdogo na usiache hata msimu mmoja upite bila kukata, na kama unakaa Kapchorwa, Kabale au mahali pengine pa juu penye nafasi, panda huu kabla ya ule wa kutoka nje. Usiende kung'oa mche ndani ya hifadhi, ni kosa na miche ya kung'oa haishiki, tafuta kwenye vitalu vya miti ya msitu.

Kuchagua mahali na kupima udongo

Jua lipige kwa muda wa saa sita kwa siku au zaidi. Kwenye kivuli cha mwembe au ukuta inakuwa nyembamba, inafunguka katikati, kisha majani ya chini yanakufa. Usiipande karibu na unapochomea takataka wala karibu na jiko la nje, majani yana mafuta ndani na yakikauka yanashika moto haraka sana, watoto wakicheza na kiberiti hapo ni hatari. Usiipande chini ya gata, hilo nimeshasema.

Sasa kipimo cha udongo, hiki usikiruke. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yaishe yote, lijaze tena halafu angalia saa. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa mbili tatu, mahali hapo ni pazuri. Ukirudi baada ya saa nne tano bado unajiona sura yako kwenye maji, hapo usipande chini kabisa, inabidi uinue. Udongo wetu mwekundu wa vilimani mara nyingi unapitisha maji vizuri, tatizo ni kompaundi ambazo mafundi wakati wa kujenga walimwaga moramu, ule udongo wa kokoto wa barabarani, wakashindilia na gari, juu unaona udongo mzuri chini kuna kitu kama saruji. Na wale wa karibu na mabonde ya matete, nyie moja kwa moja pandeni juu ya tuta.

Tuta lenyewe: upana wa mita moja, kwenda juu sentimita 25 au 30, changanya udongo wa juu mabeseni matatu, mchanga wa ziwani ule mkubwa wa kujengea beseni moja na nusu, na mboji iliyoiva nusu beseni. Mboji isizidi hapo. Samadi mbichi ya ng'ombe au ya kuku hapana kabisa, inaunguza mizizi na inashika maji.

Kupanda

Kwa huku kusini panda mvua zinapoanza kukolea, katikati ya Machi au Septemba, ili mche upate miezi miwili mitatu ya kujishikiza kabla ya kiangazi. Karamoja ambako mvua ni msimu mmoja, subiri zishike kweli ndio upande.

Siku ya kupanda mwagilia mche ukiwa bado kwenye kaveera asubuhi, panda jioni. Shimo liwe pana mara mbili ya kaveera lakini lisizidi kina chake, watu wanachimba shimo refu wanajaza udongo laini chini halafu mvua ikija mche unazama, shingo inafunikwa, inaoza. Pasua kaveera pembeni na wembe, usivute mche kwa shina. Ukikuta mizizi imezunguka, ifungue na vidole, iliyogoma ikate kwa wima sehemu tatu nne kuzunguka donge, haitakufa kwa hilo, itakufa ukiiacha ijinyonge. Weka mche, halafu laza mti wa fagio juu ya shimo uone: shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na fimbo au juu yake kidogo kama upana wa vidole viwili. Rudisha udongo ule ule, kandamiza na mikono sio na buti, mwagilia lita tano polepole.

Nafasi kati ya mmoja na mwingine: za kutambaa mita moja na nusu, za Pfitzer mita mbili na nusu, za ua wa kukata sentimita 75 mpaka 90. Najua miche ikiwa midogo inaonekana kama umeacha jangwa katikati, unashawishika kubananisha. Usibananishe. Hewa isipopita katikati, ukungu unahamia hapo. Hiyo nafasi tupu mwaka wa kwanza panda hata maua ya msimu.

Kufunika udongo nako kuna namna yake hapa kwetu. Vitabu vya nje vinasema weka magome na majani, lakini hapa ukitandaza nyasi kavu umewaita mchwa, na mche mchanga ulio dhaifu mchwa wanaumenya ganda shingoni hata kama ni wa ukoo usiopendwa na mchwa ukikomaa. Mimi natandaza kokoto ndogo au changarawe unene wa sentimita tano, naacha duara la kiganja kimoja kuzunguka shina likiwa wazi. Udongo unabaki na ubaridi, magugu yanapungua, maji hayarushi matope kwenye majani.

Maji na mbolea

Mwezi wa kwanza, kama mvua hainyeshi, mara mbili kwa wiki, jerikeni moja ya lita 20 inatosha miche minne. Mwezi wa pili na wa tatu mara moja kwa wiki. Kabla ya kumwagilia sogeza kokoto, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka na udongo umenata, rudi na jerikeni lako nyumbani. Baada ya mwaka mmoja juniperi iliyoshika haihitaji kumwagiliwa isipokuwa Januari na Februari jua likiwa kali kwelikweli wiki tatu mfululizo bila tone, hapo mpe mara moja, maji mengi, kisha acha. Maji yaende kwenye udongo, sio juu ya majani, na iwe asubuhi.

Mbolea ni kidogo tu, kiganja cha mboji iliyoiva mara moja kwa mwaka mwezi wa tatu. Ukimwaga yurea unapata matawi marefu laini ambayo wadudu wanayapenda.

Kukata matawi, hapa ndipo watu wanaharibu

Fungua kichaka cha juniperi kwa mikono miwili uchungulie ndani. Utaona nje kuna kijani kama blanketi na ndani kote ni kahawia, vijiti vitupu. Hiyo kahawia ni kawaida, majani ya zamani yanakufa kwa kukosa mwanga na sio ugonjwa. Lakini ujue jambo moja: hivyo vijiti vya kahawia havitaota majani tena. Ukikata tawi mpaka ndani kwenye kahawia umeacha shimo ambalo halifungiki maisha yote ya mmea. Nimeona kwa jirani, kijana wa kazi alikuja na panga na slasha la kufyekea nyasi akaikata Pfitzer ya miaka sita kama anakata ua wa lantana, akaacha mafupa. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, si itachipua mvua ikinyesha?" Ilibidi nimwambie ukweli kwamba hapana, mzee, hii haichipui, tukaing'oa.

Namna inayofaa ni hii. Chukua mkasi wa bustani wenye makali, ufute na spiriti. Shika tawi moja refu la juu linalokusumbua, linyanyue, angalia chini yake utafute kitawi kidogo cha kijani kinachoelekea unakotaka. Kata hapo hapo juu ya hicho kitawi, kwa mshazari, halafu achia. Tawi la juu yake linashuka linafunika kidonda, na mtu akisimama hatua mbili nyuma haoni kama umekata. Endelea tawi kwa tawi, rudi nyuma uangalie, rudi tena. Usitoe zaidi ya robo ya kijani kwa mwaka. Wakati mzuri ni Januari au Februari, kumekauka, vidonda vinakauka haraka na mvua za Machi zikija mmea unasukuma majani mapya. Usikate mvua ikinyesha, ncha mpya zikiwa zimelowa zinashikwa na ukungu wa Phomopsis, unaona ncha za matawi zinageuka kahawia kisha kijivu, ukiona hivyo subiri jua, kata chini ya palipokufa, choma mabaki mbali.

Ua wa mtarakwa ukate mara mbili kwa mwaka, kidogo kidogo, na chini pawe papana kuliko juu ili jua lifike mpaka miguuni.

Ikianza kubadilika rangi

Angalia kwanza kahawia imekaa wapi. Mmea mzima unafifia kwa pamoja: mizizi, chimba pembeni uangalie kama nilivyoeleza pale juu, na kama imeoza ng'oa na usipande juniperi nyingine pale pale. Upande mmoja tu, chini, karibu na njia: mara nyingi ni mbwa anakojolea hapo kila siku, au mtu alipulizia dawa ya magugu upepo ukaileta. Tawi moja limekufa lote: fuata mpaka shinani, unaweza kukuta jeraha la slasha au mashine ya kukata nyasi.

Kiangazi majani yakiwa na vidoti vya njano kisha yanakuwa kama shaba, chukua karatasi nyeupe, gongesha tawi juu yake, kaa kimya sekunde kumi uangalie. Vidoti vikitembea ni utitiri. Usikimbilie dawa, piga maji kwa nguvu na paipu asubuhi mpaka ndani, kila siku ya tatu, mara nne.

Halafu kuna vidukari vya saipresi, Cinara, hao wachukulie kwa uzito. Walionekana Malawi mwaka 1986, kufika 1990 wako Kenya, na wakaua saipresi nyingi sana Afrika Mashariki, na kwa kuwa juniperi ni ukoo mmoja na saipresi mtarakwa nao wanaufyonza. Dalili ni sisimizi wengi wanapanda shina, utomvu mtamu unaonata mkononi, weusi kama masizi juu ya majani, kisha matawi yanakauka kuanzia ndani. Ukifunua utawakuta wamejipanga kwenye kijiti, kahawia-kijivu, wametulia. Sabuni ya maji vijiko viwili vya chai kwa lita moja, pulizia jioni moja kwa moja juu yao, rudia baada ya wiki, ila ujue juniperi za bluu sabuni inatoa ile nta na rangi inapungua kwa muda. Miaka ya 1990 nyigu mdogo sana aitwaye Pauesia juniperorum aliletwa kwenye ukanda huu ili ataage ndani ya hivi vidukari avimalize, kwa hiyo ukipiga sumu kali unawaua na wanaokusaidia. Ukikuta vidukari vimevimba vimekauka vina katundu mgongoni, acha, kazi inaendelea.

Kupata miche mingine bila kununua

Mbegu ni ngumu, zinachelewa na nyingine hazioti kabisa, tena mtarakwa una mti dume na mti jike kwa hiyo wako unaweza usizae milele. Vipandikizi vinawezekana: bandua kitawi cha sentimita 12 hivi kwa kukivuta chini ili kitoke na kisigino cha ganda, ondoa majani nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga uliooshwa, funika na kaveera angavu kivulini, subiri miezi mitatu au zaidi bila kuvuta vuta kuona kama kimeshika.

Mimi kwa zile za kutambaa nalaza tawi tu. Mwezi wa tatu nachagua tawi refu linalogusa udongo, nakwangua ganda upande wa chini urefu wa kidole gumba, nalifukia hapo kidogo kwenye mchanga na mboji, naweka jiwe juu lisinyanyuke, ncha nje. Linaendelea kula kutoka kwa mama yake huku linaota mizizi yake. Septemba naondoa jiwe, navuta kidogo, likigoma najua limeshika, nalikata upande wa mama lakini siling'oi, nalipa wiki tatu lizoee kujitegemea, kisha nalichimba na donge lake nahamishia kwenye tuta jipya mvua ikiwa bado inanyesha.